Sauti Isiyopungua: Mifumo ya Sauti za Chaneli Nyingi na Sinema za Nyumbani Kasese na Bwera

Seti za sinema ya nyumbani, ambazo wauzaji na wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki huziita sabufa au wufa, zimeenea katika mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, na katika mji mdogo wa Bwera ulio karibu na mpaka wa Mpondwe wa kuingia Kongo, hata si ajabu kukuta spika tano na sabufa moja katika baa, katika kibanda cha video au katika sebule ya mwalimu wa shule ya msingi. Mhadhara huu unachunguza mifumo ya kuhifadhi sauti iliyobuniwa kwa ajili ya spika za namna hiyo, mifumo ambayo hubana sauti ili ichukue nafasi ndogo, kisha huirudisha namba kwa namba kama ilivyotoka studio bila kupunguza hata moja. Hoja inayouongoza ni kwamba ukamilifu wa sauti ni mali ya njia nzima, kuanzia kwenye maikrofoni hadi kwenye sikio, kwa hiyo pale kituo kimoja cha njia hiyo kinapotupa sehemu ya sauti, vituo vinavyofuata, hata viwe vya thamani kubwa namna gani, haviwezi kuirudisha.

Sauti ni mtikisiko wa hewa, na chombo cha kidijitali hakiwezi kuuhifadhi mtikisiko huo mpaka kiugeuze kuwa namba. Kifaa cha kunasa hupima nguvu ya wimbi mara nyingi sana katika kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Diski ya muziki ya CD huwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, na filamu kwa kawaida huwa na 48,000, kwa sababu sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde, na hisabati imethibitisha kwamba wimbi huweza kujengwa upya kikamilifu endapo idadi ya sampuli inazidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa uliomo. Kila sampuli huandikwa kwa biti, yaani tarakimu za sifuri na moja, ambazo katika CD ni 16 na katika sauti za filamu za studio kwa kawaida ni 24. Kadiri biti zinavyoongezeka ndivyo pengo kati ya mnong'ono hafifu na mlipuko mkubwa linavyoweza kupanuka, nalo ni takriban desibeli 96 kwa biti 16 na 144 kwa biti 24.

Baada ya sampuli na biti, jambo la tatu ni chaneli, yaani mkondo wa sauti unaojitegemea na wenye spika yake. Mfumo unaoitwa 5.1 una chaneli tano kamili, ambazo ni ya kushoto, ya kati na ya kulia kwa upande wa mbele, pamoja na mbili za pembeni nyuma ya msikilizaji, na chaneli ya sita ya mingurumo ya chini, isiyozidi mitetemo 120 hivi kwa sekunde, ambayo kwa udogo wa sehemu yake huhesabiwa kuwa nukta moja. Mfumo wa 7.1 huongeza chaneli mbili nyuma. Ukizidisha sampuli 48,000 kwa biti 24 kwa chaneli sita unapata biti 6,912,000 kwa sekunde, na filamu ya saa mbili hudai gigabaiti sita na kidogo kwa sauti peke yake, kabla hata picha moja haijawekwa. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7 tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyowalazimisha wahandisi wa miaka ya 1990 kutafuta njia ya kuibana sauti kwa ukali.

Njia waliyoipata kwanza ilikuwa ya kutupa. Mfumo wa Dolby Digital, ulioingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992 pamoja na filamu ya Batman Returns, na ule wa DTS, uliofuata mwaka 1993 pamoja na Jurassic Park, hutegemea udhaifu wa sikio: sauti kubwa hufunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kwa kimo au kwa wakati, kwa hiyo ile iliyofunikwa huandikwa kwa biti chache au huachwa kabisa. Katika DVD, Dolby Digital ya chaneli sita haizidi biti 448,000 kwa sekunde, ambazo ni takriban sehemu moja ya kumi na tano ya zile 6,912,000. Ni kazi ya akili kubwa, na haki yake inapaswa kutamkwa, kwa kuwa msikilizaji wa kawaida katika chumba cha kawaida mara nyingi hatambui kilichoondolewa. Lakini kilichoondolewa kimeondoka: kama kahawa ya Bukonzo iliyokwisha kukobolewa, hakuna mashine inayoirudishia ganda lake.

Mifumo isiyopoteza hufuata njia nyingine kabisa, na inastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu watu wengi hudhani kwamba haiwezekani kubana kitu bila kukipunguza. Msingi wake ni kubashiri. Wimbi la sauti haliruki ovyo. Sampuli moja huwa karibu na ile iliyoitangulia, na mara nyingi huendeleza mwelekeo uliokwisha kuanza. Tuseme sampuli tano zinazofuatana za chaneli moja ni 1000, 1010, 1019, 1027 na 1034. Kanuni nyepesi ya kubashiri inasema kwamba ongezeko lililopita litajirudia: kutoka 1000 kwenda 1010 ongezeko lilikuwa 10, kwa hiyo inayofuata inabashiriwa kuwa 1020, ilhali yenyewe ni 1019 na kosa ni −1, ongezeko jipya ni 9, ubashiri ni 1028, ukweli ni 1027 na kosa ni −1, ongezeko ni 8, ubashiri ni 1035, ukweli ni 1034 na kosa ni −1 tena. Badala ya kuandika namba kubwa tano, mfumo huandika mbili za mwanzo na makosa matatu madogo. Kifaa cha kuchezea, ambacho kina kanuni ileile, hubashiri vilevile, huongeza kosa lililoandikwa, na hupata 1019, 1027 na 1034 bila tofauti yoyote.

Makosa hayo madogo huandikwa kwa msimbo unaozipa namba ndogo biti chache na namba kubwa biti nyingi, na mojawapo ya misimbo maarufu ya aina hiyo ni ule uliobuniwa na Robert Rice katika miaka ya 1970 kwa ajili ya data za vyombo vya anga za juu. Hesabu zote hufanywa kwa namba kamili na kwa mpangilio uliokubaliwa, ili deki iliyoundwa Japani na simu iliyoundwa China zifikie jibu moja. Kifaa kimoja kikikadiria desimali tofauti na mwenzake, neno kutopoteza halitakuwa na maana tena. Kanuni halisi hutazama sampuli nyingi zilizopita wala si mbili, na hubadilishwa kila sehemu ndogo ya sekunde kulingana na wimbi lenyewe.

Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini mifumo hii haina kiwango maalumu cha kubana. Sauti ya filimbi moja inabashirika kwa urahisi, kwa hiyo hubanwa sana. Mvua kubwa inayopiga bati, ambayo wakazi wa miteremko ya Rwenzori wanaijua vizuri, inakaribia kuwa kelele tupu isiyo na mpangilio, nayo hubanwa kidogo sana kwa kuwa kila ubashiri hukosea kwa mbali. Kwa wastani muziki hupungua hadi karibu nusu ya ukubwa wake, lakini mfumo unaotupa unaweza kuahidi ukubwa wa faili tangu mwanzo, na usiotupa hauwezi kutoa ahadi hiyo. Ndiyo maana unahitaji njia pana yenye nafasi ya akiba kwa nyakati za kishindo.

Chaneli zikiwa nyingi, akiba nyingine hupatikana, kwa kuwa muziki uleule mara nyingi husikika kushoto na kulia kwa tofauti ndogo, na inatosha kuandika chaneli moja pamoja na ile tofauti. Chaneli za nyuma, ambazo katika filamu nyingi hukaa kimya kwa dakika nzima, hazigharimu karibu chochote. Wazo hili liliendelezwa Uingereza na Michael Gerzon, Peter Craven na Bob Stuart katika mfumo wa Meridian Lossless Packing, ambao ulichaguliwa kwa diski za DVD-Audio na baadaye ukawa moyo wa Dolby TrueHD. Ndani yake sauti hupangwa kwa mikondo iliyopandishana, wa kwanza ukiwa na chaneli mbili, wa pili ukiongeza zinazohitajika kufikia sita, na wa tatu kufikia nane, hata kifaa kidogo chenye spika mbili kinaweza kusoma mkondo wa kwanza na kuiacha iliyobaki.

DTS-HD Master Audio ilichukua mkondo tofauti unaovutia kwa busara yake. Ndani ya faili kuna kiini, ambacho ni DTS ile ya zamani inayotupa, na pembeni yake kuna masalio, yaani tofauti kamili kati ya sauti ya studio na kile ambacho kiini kingetoa. Deki ya zamani hucheza kiini na kuridhika, na deki mpya hujumlisha kiini na masalio ikapata sauti ya studio yenyewe. Mifumo hii miwili iliingia sebuleni kwa Blu-ray mwaka 2006, diski yenye gigabaiti 25 au 50, na katika diski hiyo TrueHD inaruhusiwa kufikia biti milioni 18 kwa sekunde na DTS-HD Master Audio milioni 24.5. Wa tatu katika jamii hii ni FLAC, uliobuniwa na Josh Coalson na kutolewa rasmi mwaka 2001, ambao hubeba hadi chaneli nane, hautozwi ada na mtu yeyote, na maelezo yake yalichapishwa na jopo la viwango vya intaneti, IETF, mwaka 2024. Kwa Bwera na Kasese huo wa tatu ndio wenye maana kubwa zaidi, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Sauti kamili ikishatoka kwenye diski inahitaji waya unaoweza kuibeba. Waya wa HDMI wa toleo la 1.3, la mwaka 2006, uliruhusu TrueHD na DTS-HD kupita bila kufunguliwa hadi kwenye amplifaya, ilhali waya wa mwanga, ambao wengi huuthamini kwa sababu unang'aa mwekundu mwishoni, hubeba ama chaneli mbili kamili ama chaneli sita zilizobanwa kwa kutupa, wala hauna nafasi ya zaidi. Nyuma ya seti nyingi za bei nafuu hakuna hata hiyo. Kuna matundu mawili tu, jekundu na jeupe, na mnunuzi anayetaka kujua anachouziwa anapaswa kuligeuza sanduku na kuyatazama kabla ya kuzitazama taa za mbele. Matundu mawili ni chaneli mbili. Spika tano zikiunganishwa kwa seti hiyo, zile za nyuma hupewa nakala ya zile za mbele au mchanganyiko uliokisiwa na saketi ya ndani, na maandishi ya 5.1 yaliyo kwenye katoni huhesabu spika bila kuzihesabu chaneli zinazoingia.

Hata hivyo, katika wilaya ya Kasese hasara kubwa zaidi hutokea mapema, kabla filamu haijafika dukani. Filamu nyingi zinazotazamwa huko hufika kwa flashi au kwa kadi ya simu kutoka katika maduka ya kunakili filamu, na nyingi kati yake zimetafsiriwa na VJ, yaani msimulizi anayeyaeleza mazungumzo ya filamu kwa Kiganda au lugha nyingine huku akiongeza ufafanuzi, utani na hisia zake. Sanaa hii imedumu Uganda kwa zaidi ya miaka 30 na ina ndugu zake katika usimulizi wa Kiswahili wa Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, nayo ni kazi ya kweli ya ubunifu ambayo imewafungulia mamilioni ya watu sinema za lugha wasizozijua. Lakini kwa upande wa sauti njia yake ni ndefu. Sauti ya chaneli sita ambayo tayari ilibanwa kwa kutupa hushushwa kuwa chaneli mbili. Sauti ya msimulizi hujumlishwa ndani yake. Mchanganyiko hubanwa tena kwa kutupa. Duka la kunakili hulipunguza faili ili flashi moja ibebe filamu nyingi. Na mwishoni simu huirusha sauti hadi kwenye sabufa kwa Bluetooth, ambayo nayo huibana na kutupa kwa mara nyingine. Kila hatua huamua upya kipi sikio halitakisikia, na kila moja huamua kwa kutazama sauti iliyokwisha kujeruhiwa na hatua iliyopita, mpaka matoazi yanakuwa kama maji yanayochemka na mazungumzo yanapoteza herufi zake za s na sh.

Ikumbukwe kwamba msimulizi wa zamani, aliyekaa ndani ya kibanda na maikrofoni yake na kupunguza sauti ya filamu kila alipotaka kusema, hakuidhuru filamu hata kidogo, kwa sababu sauti yake ilichanganyika na ile ya filamu hewani tu. Usimulizi wa kurekodiwa ndio ulioziunganisha sauti hizo mbili zisitenganike. Filamu ya Who Killed Captain Alex, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala, na kutolewa mwaka 2010, inajulikana duniani kote pamoja na sauti ya VJ Emmie, na nakala ya awali isiyo na usimulizi haipo tena. Msimulizi ameifanya filamu hiyo ipendwe, lakini hakuna atakayesikia tena sauti ya filamu ilivyokuwa kabla yake. Mpangilio wa chaneli nyingi ungeweza kuziokoa sauti zote mbili. Katika 5.1 mazungumzo kwa kawaida huwekwa katika chaneli ya kati, kwa hiyo msimulizi anayefanya kazi kwa faili la chaneli sita la FLAC angeweza kuchanganya sauti yake katika chaneli hiyo peke yake, akaziacha tano nyingine bila kuzigusa, na akahifadhi chaneli ya kati ya awali pembeni. Programu za kufanya hivyo hupatikana bure, na kompyuta zinazotumika sasa kuhariri filamu hizo zinatosha.

Chumba nacho kina neno lake. Mapendekezo ya kimataifa ya upangaji wa spika, yanayotumiwa na studio, huziweka spika za kushoto na kulia katika pembe ya digrii 30 kutoka katikati, na zile za pembeni kati ya digrii 100 na 120, zote zikiwa umbali mmoja kutoka kwa msikilizaji. Kamba moja ya mita mbili iliyoshikwa kwenye kiti cha katikati ya sebule inatosha kuzipanga, na kazi hiyo huongeza uzuri wa sauti kuliko badiliko lolote la mfumo wa faili. Spika tano zilizopangwa mstari mmoja chini ya runinga, kama zinavyoonekana katika nyumba nyingi, haziwezi kumzunguka mtu yeyote. Vilevile, katika chumba cha kuta tupu za saruji chenye jenereta nje, kelele ya mazingira hufunika kabisa zile biti nane zinazozidi kati ya 16 na 24, kwa hiyo mwenye fedha kidogo afadhali anunue pazia zito kabla ya deki ya Blu-ray. Huduma za filamu kwa intaneti hazibadilishi hali hii, kwa kuwa hata zile zinazotangaza Dolby Atmos, mfumo unaoongeza sauti kutoka juu, kwa kawaida huituma ndani ya Dolby Digital Plus, ambayo hutupa.

Kwa hiyo mtazamaji wa filamu wa Kasese hana sababu kubwa ya kuhangaikia mifumo isiyopoteza. Anayepaswa kuihangaikia ni anayerekodi. Sauti ambazo dunia haina nakala yake nyingine hazitoki Hollywood; zinatoka Bwera, Kyarumba, Kilembe na ng'ambo ya mpaka upande wa Kasindi, ambako Bakonzo na ndugu zao Banande wana endara, marimba makubwa ya mbao yanayolazwa juu ya migomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Hiyo ni sauti ya kuzunguka kwa asili yake, maana kila mpigaji anashika sehemu yake ya marimba, ngoma ziko upande mwingine, na waimbaji na wachezaji hupita mbele na nyuma ya msikilizaji. Ikirekodiwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp, wapigaji wote hujazana katika nukta moja, na mlio mkavu wa mti unaogonga mti, ambao ni wa ghafla na mfupi mno, ndio wa kwanza kuharibiwa na ubanaji unaotupa, kwani mifumo hiyo huusambaza mpigo wa ghafla ukasikika hata kabla haujapigwa.

Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alirekodi muziki wa nchi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa vifaa vya chaneli moja, na rekodi zake, ambazo ziliwekwa London, nakala zake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Vifaa vya leo vinaruhusu mengi zaidi kwa gharama ndogo. Kinasa cha mkononi chenye maikrofoni nne, kikiwekwa sampuli 48,000 na biti 24, kiwango cha chini kinachopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hutumia takriban gigabaiti mbili kwa saa, na kadi ya gigabaiti 32 hutosha sherehe ya siku nzima. Faili hizo zikigeuzwa kuwa FLAC ukubwa hupungua tena bila namba moja kubadilika. Redio za Kasese, shule na makanisa yenye kwaya vinaweza kufanya hivyo kuanzia sasa, na nakala moja ikabaki wilayani na nyingine ikapelekwa Makerere.

Faida ya mwisho ya FLAC inahusu uzee wa faili. Ndani ya kila faili mfumo huo huandika muhtasari wa kihisabati wa sauti nzima, ambao hubadilika hata sampuli moja ikiharibika, na programu yake huweza kuifungua sauti, kuukokotoa muhtasari upya na kuulinganisha na ule ulioandikwa. Mtunza hifadhi anayeendesha ukaguzi huo mara moja kwa mwaka hujua kwa uhakika ni diski ipi imeanza kuchakaa, na faili litakalokutwa na kasoro hufutwa na kunakiliwa upya kutoka hifadhi ya pili wakati hifadhi hiyo bado ni nzima.